Nani Aonje Kwanza

"Mama Awuor ametuacha," Ouma aliniambia kwenye simu, kisha akaongeza, "Mzee anasema ukuje na damu." Nilikuwa nimeweka spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye unga wa chapati. Betty, ninayepika naye kwenye hoteli yetu ndogo karibu na chuo kikuu hapa Kabianga, aliacha mwiko umesimama ndani ya maharagwe akaniangalia. "Damu ya nini?" akauliza simu ilipokatika. Nikamwambia ni majani chai tu. Akaniangalia zaidi. "Chelangat, mtu akikufa watu hawaitishi majani chai wakaita damu. Hao watu unawajua vizuri?" Swali hilo niliwahi kuulizwa, karibu kwa maneno hayo hayo, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minane, na wakati ule jibu lilikuwa hapana. Mimi si mtu wa maneno mengi. Niliishia darasa la nane, na nikiandika naandika polepole. Lakini habari hii sikuweza kumweleza Betty mbele ya wateja, na njiani kwenda matangani nilikuwa na muda wa kuikumbuka yote.

Mwaka ule nilikuwa nachuma majani kwenye shamba kubwa la chai, ng'ambo ya Kapsoit. Nyumba za wafanyakazi, ambazo sisi tunaziita laini, zilikuwa zimeshikana mbili mbili, na kati ya chumba changu na cha Mama Awuor kulikuwa na ukuta mmoja ambao haukufika kwenye mabati. Kila kitu kilipita pale juu: moshi, harufu ya omena ikikaangwa na nyanya, nyimbo za kwaya, na maneno. Yeye alikuwa Mjaluo wa kutoka kisiwa cha ziwani, mama wa makamo, mjane, na ndiye aliyenifundisha kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuangalia vidole. Ukutani kwangu nilikuwa nimebandika kalenda ya duka la dawa za mifugo, yenye picha ya bichi: mchanga mweupe, maji ya kijani, hakuna mtu hata mmoja. Jioni moja Mama Awuor alisimama mbele ya picha hiyo akicheka. "Hii ndiyo umeweka kwa ukuta? Sisi tuko nayo nyumbani. Kimya namna hii. Nyathina, mimi nitakupeleka." Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yake. Nilifurahi jioni ile tu. Asubuhi nikiwa kwenye mistari ya chai nilianza kujiuliza, kwa nini mimi? Laini nzima ilikuwa na wasichana wa kwao, wanaoongea lugha yake.

Ulikuwa mwaka wa kura. Sisi sote tulijua kwamba kila mwaka wa kura Mama Awuor huchukua likizo kabla kampeni hazijachacha, akaenda kwao hadi mambo yatulie. Hakuna aliyemuuliza sababu, kwa sababu sababu ilikuwa sisi Wakipsigis. Lakini mwaka ule mashine za kuchuma majani zilikuwa zimefika kwenye shamba letu, mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi, na nyapara alikuwa ametangaza wazi kwamba atakayechelewa kurudi kutoka likizo asijisumbue kurudi. Basi Mama Awuor alikuwa akiongea kwenye simu kila jioni, kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo hupita vizuri juu ya ukuta. Lugha sikuijua. Nilijua neno moja tu, Lang'o, ambalo ndilo Wajaluo wanatuita sisi. Nililisikia mara nyingi, Lang'o, Lang'o, halafu jina langu, halafu kimya kirefu, halafu Mama Awuor akasema kitu kama anayebembeleza. Nililala nikiwa nimeitazama ile kalenda, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba bichi isiyo na mtu ni mahali ambapo mtu akipiga kelele hasikiki.

Kogo, yaani nyanya yangu, alikuwa amekuja kutoka Chebunyo kukaa nami kwa sababu ya goti lake, ambalo lilihitaji hospitali ya Kericho. Alikaa siku nzima kwenye kigoda mlangoni, na hakuna mtu aliyepita laini bila yeye kujua amebeba nini. Mama Awuor alipokuja kumwomba ruhusa alileta mbuta mkubwa amefungwa kwa gazeti. Kogo alimpokea samaki, akamweka kando, akaanza kuuliza kwa Kiswahili chake. "Huko ni mpali?"

"Ni mbali kidogo, mama. Lakini tutarudi kabla leave yangu iishe."

"Na maji iko?"

"Maji ni mengi. Na ni tamu, si ya chumvi kama ya Mombasa."

Kogo alinigeukia akaniambia kwa Kipsigis, "Umesikia? Anasema maji ya huko ni damu."

Nikacheka. Mama Awuor alipoelewa naye akacheka, akainama kumsogelea. "Tamu, mama. Ta. Tamu."

"Ndiyo hiyo nimesema," Kogo akajibu. "Damu." Kwetu sisi t na d ni mtu na ndugu yake, vivyo hivyo p na b, na mdomo hauulizi ni yupi ametoka. Darasani mwalimu alikuwa akinisimamisha nirudie, na nilijifunza kuwa mwangalifu, ndiyo maana nikazoea kunyamaza. Mama Awuor alipoondoka, Kogo alinishika mkono. "Hao watu unawajua vizuri? Anataka nini kwako huyo mama? Ndugu yake ana mtoto wa kiume huko, nimesikia. Nenda, kwa sababu umeshakubali na samaki nimeshapokea. Lakini usiweke kitu mdomoni mpaka mwenyewe aweke kwanza. Hata maji." Kwetu anayemimina mursik, maziwa yetu ya kibuyu, huonja kwanza mbele ya mgeni, kwa hiyo agizo hilo halikuwa geni. Lilikuwa tu limenolewa kidogo.

Safari sitaieleza. Nilitapika kwenye boti, na Mama Awuor alinishikilia kichwa. Tulifika kwa kaka yake, Mzee Otieno, mtu mrefu mwenye sharubu nyeupe, ambaye alinisalimia kwa mkono mmoja na kunipima kwa macho yote mawili. Mke wake Pilista alinionyesha chumba. Kitanda kilikuwa na godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni, na lilipiga kelele kila nilipogeuka. Nani anamnunulia godoro msichana asiyemjua? Juu ya mlango walikuwa wametundika picha ya Mama Awuor akiwa kijana, na chini yake msumari mtupu, na mimi nikauangalia ule msumari nikijiuliza ni picha ya nani inayongojwa. Ouma, mtoto wao, alikuwa wa rika langu, fundi wa injini za boti, mwenye kucheka ovyo. Alinikaribisha kiti akakipangusa kwa shati lake mwenyewe. Nikasema moyoni, ndiye huyu.

Chakula cha siku ya kwanza kilikuwa ugali na samaki wa ngege wa mchuzi kwenye sinia moja, kwa hiyo nilingoja wenzangu wamege ndipo nikamega, na nilimega upande ule ule waliomegea. Chai ya asubuhi niliimimina nyuma ya choo. Pilista aliniuliza kama najua kuogelea. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama aliyepata alichokuwa anatafuta, akaenda kumnong'oneza mumewe. Kila nilipoingia chumbani maneno yalikatika, kisha yakaanza tena kwa sauti nyingine, ile ya kuzungumzia mvua. Na kila mara, katikati, Lang'o. Nilimwambia Mama Awuor nataka kurudi. Alikuwa anaosha miguu yangu, kwa sababu mawe ya huko yalikuwa yameichuna. "Ngoja Jumapili, nyathina. Baada ya kanisa tunaenda bichi. Uone tu ile nilikuahidi." Hakuniangalia usoni aliposema.

Jumapili tulishuka. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri kuliko kalenda. Bichi ya boti na samaki iko upande mwingine wa kisiwa. Huku hakukuwa na boti wala mtu. Mchanga ulikuwa mweupe na mzito, umelala katikati ya mawe makubwa ya mviringo kama vichwa vya viboko, na maji yalikuja polepole yakarudi polepole bila kusema kitu. Ndege weusi walikaa kwenye jiwe moja mabawa yamefunguliwa, kama nguo zilizoanikwa. Sisi wa nyanda za chai tumezoea kuona kijani mpaka mwisho wa macho, lakini kijani chetu kinasimama, hiki kilitembea. Nilivua viatu. Nilikaribia kufurahi. Halafu nikaona kwamba Mzee Otieno amekaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa, kwenye kiti kilichobebwa kutoka nyumbani, na mbele yake wametandika mkeka, na wote wamekaa upande mmoja, na upande wa pili, peke yake, kumeachwa nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo ilikuwa yangu.

Mama Awuor alikuwa ameniambia nibebe majani chai ya kwetu, yale mazito ya kiwandani, niwapikie mwenyewe. Nilipika pale pale mchangani, juu ya mafiga matatu, maziwa mengi, nikamimina kwenye vikombe nikampa kila mtu. Pilista naye akaweka mbele yangu samaki mzima wa kuchoma, peke yangu, kwenye sahani yangu. Wao walikuwa na sahani nyingine. Hapo ndipo nikajua Kogo alikuwa ameona mbali. Nikakunja mikono nikangoja. Lakini jambo la ajabu ni kwamba wao pia walikuwa wamekunja mikono. Vikombe vilikuwa mbele yao, vikitoa mvuke, na hakuna aliyegusa. Mzee Otieno aliangalia kikombe chake, akaniangalia mimi. Mimi niliangalia samaki, nikamwangalia yeye. Nzi alitua kwenye jicho la samaki, na hakuna aliyemfukuza. Ouma alianza kucheka, baba yake akamwangalia, akanyamaza. Mvuke ulianza kupungua. Mama Awuor alikuwa katikati, na uso wake sijawahi kuuona vile, hata siku mashine zilipokuja: midomo ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto anayezuia kulia.

"Binti," Mzee Otieno akasema mwishowe, kwa Kiswahili, "hii chai yako ikoje?"

Nilitaka kusema neno moja tu, la adabu, la kumaliza kimya kile. Lakini nilikuwa naogopa, na nikiogopa ulimi wangu unarudi nyumbani Chebunyo bila mimi. "Ni damu, baba," nikasema. "Kunyweni. Ni damu sana."

Pilista aliweka kikombe chini hata kikamwagika. "Remo," akasema kwa pumzi, na sikuhitaji kufundishwa neno hilo maana yake. Mzee alisimama. Niliona sharubu zake zikienda juu na chini. Nikajaribu kurekebisha, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyoharibu, da, da, mpaka machozi yakanitoka. Mama Awuor hakuniokoa. Baadaye aliniambia kwamba alijua kama angefungua mdomo kaka yake angesema amenifundisha. Basi sikuwa na njia nyingine. Nilichukua kikombe changu nikanywa chote bila kupumua. Mzee alikuwa bado amesimama. Akanyoosha mkono, akanipa kikombe chake mwenyewe. "Hii pia." Nikanywa nusu nikamrudishia, huku nikilia, na kwa sauti ya kulia likatoka lenyewe, safi kabisa: "Tamu! Ni ta-mu!"

Ouma ndiye aliyeanguka kwanza, ubavu kwenye mchanga, akicheka kama anayeumwa. "Tamu! Baba, alikuwa anasema tamu!" Mzee Otieno alikaa. Alinywa ile nusu polepole mpaka mwisho. Kisha aliangalia samaki wangu, ambaye alikuwa ameshapoa, na mikono yangu iliyokunjwa, akakunja uso kama mtu anayesoma kitu kwa mbali. Akainama, akachuna kipande cha shavu la samaki, akala, akiniangalia. "Na wewe ulikuwa unangoja mimi?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Nani alikuambia?" Nikasema ni nyanya yangu. Akamgeukia dada yake akasema jambo refu kwa lugha yao, na Mama Awuor akafunika uso kwa leso.

Tulipokuwa tunaosha vyombo ukingoni mwa maji, Pilista ndiye aliyenifungulia. "Kwani hukuambiwa umeletwa kwa nini?" Mzee alikuwa amemkataza dada yake kurudi Kericho. Alimwambia mashine zimechukua kazi, kura inakuja, na huko hakuna mtu wako. Mama Awuor akasema anao. Mzee akasema, kama yuko Lang'o hata mmoja atakayevuka maji akufuate, ale na sisi, mlete nimwone. Usipompata, utakaa hapa. "Na ule msumari?" nikauliza, kwa sababu ulikuwa umenisumbua. "Msumari gani? Ah, hapo kulikuwa na saa, Ouma aliharibu." Kuhusu kuogelea, alikuwa amemwambia mumewe nisipelekwe kwenye mtumbwi. Godoro lilikuwa la Mama Awuor mwenyewe. Lilinunuliwa ili abaki.

Nilimfuata Mama Awuor kwenye mawe. Sikuwa na furaha. Nilikuwa na hasira, ile ya mtu mnyamavu ambayo haijui pa kutokea. "Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nilifikiri. "Singekuja."

"Haya basi," akasema. Akaniwekea mkono begani na mimi nikauondoa. Tulikaa hivyo, tukiangalia wale ndege weusi, mpaka Ouma alipokuja kutuita akipiga kelele kutoka mbali, "Damu! Damu! Mnaitwa nyumbani!"

Mama Awuor alirudi kazini kabla likizo yake haijaisha, na nyapara hakuwa na sababu ya kumfukuza. Kura ilipokaribia, wengi wa kwao waliondoka laini, milango ikafungwa kwa kufuli mmoja mmoja. Mama Awuor alibaki. Nilijua, kupitia juu ya ukuta, kwamba begi lake limefungwa na liko nyuma ya mlango, kwa sababu kila alipofungua mlango niliusikia ukiligonga. Mimi nilikuwa bado sijamsamehe vizuri. Nilikuwa najiuliza kama angenipenda vile kama asingekuwa na haja nami, na kama chipukizi na majani mawili alinifundisha kwa wema au kwa kujiwekea akiba. Lakini asubuhi ya kura nilitoka nikakuta kigoda cha Kogo hakipo mlangoni kwetu. Alikuwa amekihamishia mlangoni kwa Mama Awuor, na amekaa katikati kabisa, goti limenyooshwa, fimbo juu ya mapaja, kiasi kwamba anayetaka kuingia ingebidi amruke. Vijana wa centa walipita, wakamsalimia, wakaulizana kwa macho. "Kogo, leo umehama?"

"Huku jua linapiga vizuri," akawajibu. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati. Mama Awuor alimletea chai kutoka ndani, na Kogo aliipokea na kuinywa bila kungoja mtu. Alikaa pale kila siku mpaka milango mingine ilipoanza kufunguliwa.

Wiki iliyopita nilivuka maji tena, nikiwa na majani chai begani, na safari hii nilijua nimeitiwa nini. Tulimzika Mama Awuor nyuma ya nyumba ya kaka yake. Watu walikuwa wengi, na vijana wasionijua walinong'onezana nilipopita, na nikalisikia lile neno, Lang'o, na mwili wangu ukakaza kama zamani. Hauachi. Mzee Otieno sasa haoni vizuri. Aliomba apelekwe bichi, nasi tukamshusha, Ouma upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka kwenye lile jiwe. Baadhi ya wale vijana wakatufuata. Nilipika mchangani, juu ya mafiga matatu, nikamimina. Vijana walipokea vikombe wakavishika tu, wakiniangalia. Mimi nikainua changu, nionje kwanza wanione.

Mzee alisikia kimya kile, akakifahamu. Akanyoosha mkono hewani mpaka ukapata kikombe changu, akakichukua kabla hakijafika mdomoni mwangu, akanywa. Alipangusa sharubu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetaka kuwa na uhakika.

"Damu," akawaambia. "Kunyweni."